Bastola Tatu na Kigoda cha Bibi Osmunda

Nimesikia kwamba mmoja wenu alitaka kukitupa kile kigoda kilichoko chini ya meza ya ukaguzi, kwa kuwa kimepasuka upande mmoja na hakimo kwenye orodha ya mali za ofisi. Ni kweli hakimo. Niliacha makusudi kukiandika, maana kingeandikwa kingepigwa namba ya rangi nyeupe, na mwenye nacho asingependa. Nawaomba mkiache hapo mpaka mmalize kusoma karatasi hizi. Baada ya hapo mkiona kinafaa kuni, chomeni. Mimi sasa ni mstaafu, sina amri hata juu ya kuku wangu.

Niliingia chumba kile cha silaha, hapo kituo cha polisi, nikiwa kijana mwenye suruali moja nzuri, na nilikuwa nimeivaa. Nilitegemea kukuta bunduki zimepangwa ukutani zinang'aa. Nilichokikuta ni Mzee Ndunguru, Mmatengo wa Mbinga, mfupi, miwani yake imefungwa kwa waya wa shaba, anasugua mtutu wa shotigani kwa mswaki wa meno. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akanisukumia bunduki kuukuu iliyokuwa mezani, akaniuliza ina nini ndani. Nikaitazama juu, nikaitazama chini.

"Haina kitu, mzee."

"Nani kakwambia?"

"Naiona."

"Wewe umeona nje. Ndani nani kaingia?"

Akaifungua. Ikaanguka risasi ya mbao, ambayo nilikuja kujua baadaye kwamba aliichonga mwenyewe kwa ajili ya wapumbavu wa siku ya kwanza. Kuanzia saa hiyo nikapigwa marufuku kutamka maneno "haina kitu" ndani ya chumba kile mpaka nimefanya mambo manne kwa mpangilio: chomoa magazini, kile kikasha cha risasi, vuta mtambo nyuma, chungulia, tia kidole. Hilo la kidole ndilo alilolishikilia zaidi. Alikuwa akisema jicho likichoka linakubali lolote unaloliambia, lakini kidole hakina adabu hiyo. Kwa miezi mitatu ya mwanzo kidole changu kidogo kilikuwa cheusi kwa grisi na masizi, na mke wangu, tulikuwa wachumba bado, aliniuliza kama nimeajiriwa gereji.

Vifaa vyetu mngevicheka. Mafuta tuliyatia kwenye kopo la maziwa ya unga. Vitambaa vilikuwa fulana kuukuu, tena zilizofuliwa mara nyingi, maana fulana mpya huacha nyuzi. Kwa kukwangulia uchafu kwenye pembe nyembamba tulitumia vijiti vya mianzi tulivyochonga wenyewe kwa kisu, kwa sababu mwanzi haukwaruzi chuma. Siku hizi mnaletewa visanduku vya plastiki vyenye brashi kumi na mbili, na nimeona brashi tisa kati ya hizo hazijawahi kuguswa. Vile vijiti vyangu viko kwenye droo ya kushoto. Vijaribuni.

Miaka hiyo ya mwanzo silaha za raia zilizotufikia zilikuwa za shamba: shotigani za kufukuza nguruwe pori, na rifle mojamoja ya mzee aliyewahi kuwinda. Zilikuja zimefungwa kwenye magunia, zina utando wa buibui, na wenyewe walizizungumzia kama ng'ombe mkongwe. Bastola hazikuwapo, au zilikuwapo kwa watu ambao hatukuwaandikia chochote. Kisha biashara ikafunguliwa. Tumbaku ya Namtumbo, kahawa ya Mbinga na korosho za Tunduru, ambazo zamani zilipitia chama cha ushirika tu, zikaanza kununuliwa na mtu yeyote mwenye lori na roho ngumu. Mitumba ikaingia, na mji mzima ukavaa makoti ya watu tusiowajua. Na ndani ya makoti hayo, wanunuzi wakaanza kutaka kitu cha kuwalinda njiani.

Kibali hakikutoka kwangu. Kilitoka kwa wakubwa, juu, kwa mihuri yao. Kazi yangu, baada ya Mzee Ndunguru kustaafu na kurudi kwenye kahawa yake, ilikuwa kukagua, kuandika namba, na kumfundisha mwenye silaha asijiue. Lakini karibu kila mmoja, kabla hajasafiri kwenda kununua, alikuja kwangu na swali lile lile, kwa sauti ya chini kana kwamba anaulizia mchumba: "Fundi, nichukue ipi?"

Ili nisijibu kwa kubahatisha, nikaanza kuzipima. Kabatini tulikuwa na bastola tatu ndogo zilizosalimishwa na warithi wasiozitaka, na nikazipa majina, kwa sababu namba zake zilikuwa ndefu na majina ya viwandani yalinishinda kuyatamka.

Ya kwanza niliita Sabuni. Ilikuwa bapa, laini, imelika pembe zote kama kipande cha sabuni cha mwisho wa mwezi, inajaa kiganjani na kubaki nafasi. Risasi zake nyembamba kama penseli. Ya pili ilikuwa Kitabu, nene kidogo, ya mraba, ukubwa wa kile kitabu cha sala ambacho akina mama wanakwenda nacho kanisani. Ya tatu ilikuwa ya gurudumu, mtutu mfupi kama pua ya mtoto, na tumbo katikati lenye matundu matano ya risasi. Hiyo niliita Kitumbo.

Nilizibeba zote, zikiwa tupu, kwa zamu, ndani ya uzio wa kituo, na kuandika kwenye daftari. Nilizipima kwenye mfuko wa koti, wa suruali, wa Kaunda suti, na mara moja ndani ya soksi, jambo ambalo sitaki kulizungumzia. Niligundua kwamba hapa Songea mwezi wa sita na wa saba, baridi ikiuma, bastola yoyote inafichika. Mtu anavaa koti juu ya sweta, hata shoka lingefichika. Shida ni huko wanunuzi wanakokwenda. Ukiteremka Tunduru joto linakupokea, koti linavuliwa, na ghafla kila mtu kijijini Nalasi anajua mfuko wako una nini.

Sabuni haikuonekana popote. Hata kwenye shati jepesi ilikaa kimya. Kitabu kilivuta mfuko upande mmoja mpaka mtu akaonekana ana bega bovu, lakini kilikaa vizuri mkononi na kilipiga mbali kidogo kuliko mwenzake. Kitumbo kilionekana. Hakuna mfuko ulioweza kulificha lile tumbo, na mfuko wa Kaunda suti ndio kabisa, ulitokeza kana kwamba umebeba chungwa. Kwa uchafu, mambo yaligeuka. Mnunuzi mmoja wa tumbaku alirudi na bastola ya aina ya Kitabu imegoma kabisa, nikaifungua nikakuta ndani vumbi la tumbaku la kutosha kuvuta wiki nzima. Sabuni nayo ilikuwa na sehemu ndogondogo ambazo chembe ya mchanga ingezisimamisha. Kitumbo ukikipuliza kimepona.

Niliandika pia uzito, urefu wa kifyatulio, urahisi wa sefti, kile kifungio cha usalama, kwa kidole chenye jasho. Kurasa kumi na moja. Nikajiona mtaalamu. Na nikimaliza hesabu zote, moyo wangu ulirudi kwa Sabuni. Nitasema ukweli, niliipenda. Ilitengenezwa na mtu aliyejua kazi yake, kila kona imeviringishwa kwa subira, ukiivuta inarudi kwa mlio mdogo wa kuridhisha. Jioni nilikuwa naipangusa hata isipokuwa na vumbi. Kwa hiyo kila aliyeniuliza achukue ipi, nilianza na Sabuni, na mara nyingi nikamalizia nayo.

Mama Stela alikuja mwaka wa pili au wa tatu wa mambo hayo. Alikuwa mjane wa mtaa wa Mjimwema, mume wake alikufa kwa ajali ya lori, akabaki na mabinti wawili na mama mkwe. Akalichukua daftari la mume wake la wakulima na kuendelea na korosho mwenyewe, Nalasi, Namasakata, kote huko. Mnunuzi mwenzake alikuwa amesimamishwa njiani akapigwa mapanga, na ndipo yeye akaomba kibali, akapewa. Aliingia chumbani kwangu akatazama meza yenye bastola tatu, kisha akatazama mifuko ya koti langu.

"Fundi, haya yote umepima kwa mifuko. Mimi sina mfuko. Mimi nina kanga."

Nilicheka. Nikamwambia ndiyo maana Mungu aliumba Sabuni. Itakaa kwenye kibindo chake, pale kiunoni anapoviringisha kanga na kuweka hela, na hata mumewe angefufuka asingeijua. Utani mbaya, najua. Yeye alitabasamu kwa heshima tu. Alinunua ya aina ile ile, akarudi nayo, nikaiandika, nikamfundisha. Na hapa ndipo pa kusikiliza, ninyi vijana. Siku hiyo watu walikuwa wengi mlangoni, nami nilitaka wote waione ile bastola. Nilichomoa, nikavuta, nikachungulia, nikatia kidole, mbele yake, kwa madaha, huku nikiisifia. Kisha nikampa, akachomoa magazini mara moja, nikasema vizuri sana mama, anayefuata. Nilimfanyia badala ya kumfanyisha.

Yaliyofuata alinisimulia mwenyewe. Wiki chache baadaye alirudi kutoka Namasakata. Njiani lori lao lilikwama mtoni, wakatokea watu watatu wasiosema wanataka nini, naye kwa hofu akaikoki Sabuni yake chini ya kanga. Watu wale walisaidia kusukuma lori wakaenda zao. Alishuka Mjimwema mchana, mavumbi mpaka kwenye kope, akaenda moja kwa moja kumsalimia mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo, Bibi Osmunda, alikuwa amekaa kwenye kigoda chake uani, ungo wa maharage mapajani, anachambua. Na mkamwana wa Kingoni akitoka safari hamsalimii mama mkwe amesimama kama karani. Mama Stela akapiga magoti, akainama, akaunganisha mikono, akasema shikamoo mama. Kibindo kikalegea. Sabuni, laini kama nilivyoisifia, ikateleza na kuangukia kwenye ungo wa maharage.

Bibi Osmunda hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua maharage kuizunguka, punje mbovu huku, punje nzima kule, mpaka bastola ikabaki peke yake katikati ya ungo. Ndipo akasema, "Hiki nacho mlinunua kwa kilo?"

Mama Stela akaeleza, akalia, akaomba radhi. Bibi akamwambia aing'oe meno. Mama Stela akachomoa magazini kama nilivyomfundisha, akamhakikishia kwamba haina kitu. Bibi akaichukua, akaifungia kwenye sanduku lake la mbao, pamoja na rozari, sukari na biskuti za wajukuu, na marahaba hakuitikia. Hakuiitikia siku hiyo wala siku zilizofuata. Baada ya wiki mbili akaitoa, akampa mkamwana wake. "Mrudishie aliyekupa. Kitu hiki kikilala hapa, mimi na wajukuu wangu tunahamia kwa mdogo wangu kijijini. Wewe chagua."

Hivyo ndivyo Mama Stela alivyorudi mezani kwangu, Sabuni imefungwa kwenye kanga, magazini imefungwa pembeni yake. Macho yake yalikuwa mekundu. Asingeweza kusafiri bila mtu wa kumwachia watoto, na bila safari watoto wangekula nini. Na bila silaha alikuwa anaiogopa ile barabara kuliko njaa.

"Ichukue, Fundi. Haina kitu, nilishachomoa zamani."

Maneno yale mawili. Mkono wangu ukajiendea wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Nikavuta.

Risasi moja, nyembamba kama penseli, ikaruka, ikagonga meza, ikabingirika taratibu mpaka kwenye kopo la mafuta, ikasimama. Ilikuwa imekaa kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, tangu siku ya lori kukwama. Kuchomoa magazini hakuigusi ile iliyokwisha kuingia, na hilo ndilo nililoonyesha kwa madaha bila kuhakikisha kwamba ameelewa.

Tuliitazama wote wawili. Nilimwona midomo yake inasogea, nikajua anafanya hesabu ya siku. Wiki mbili, ndani ya sanduku la biskuti.

"Yesu, Maria, Yosefu," akasema. Kisha akanishika mkono, yule mama ambaye hata salamu alinipa kwa mbali. "Fundi, usimwambie mama. Nakuomba. Akijua hili, nimekwisha pale nyumbani."

Nikamjibu kwamba sitasema. Nilikuwa na sababu nzuri zote. Hakuna aliyeumia, bastola iko mezani kwangu, mambo ya familia si yangu. Akaondoka. Nikaiokota ile risasi nikaitia mfukoni, na siku mbili nzima kila nilipotia mkono kutafuta kiberiti niliigusa. Jumapili kanisani, watu walipopiga magoti wakati wa mageuzo ya mkate na divai, nilitazama migongo ya akina mama mbele yangu, viuno vyote vile vya kanga. Nikaona aibu kiasi ambacho sijawahi kuona kazini. Nilikuwa nimepima bastola kwa wanaume waliosimama wima. Kurasa kumi na moja, na hakuna hata mstari mmoja wa mtu anayesalimia. Na juu ya hapo nilikuwa nimeacha risasi kwenye biskuti za watoto, nikaahidi kunyamaza.

Baada ya misa nilimwambia Mama Stela, nje ya kanisa, kwamba nimevunja ahadi yangu moyoni na sasa nakwenda kuivunja kwa mdomo. Alitembea nyuma yangu mpaka Mjimwema kama mtu anayesindikiza jeneza.

Bibi Osmunda alikuwa palepale uani, kwenye kigoda. Nikachuchumaa. "Tumsifu Yesu Kristu, mama. Shikamoo."

"Milele amina. Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye fundi wa ile bastola."

Nikatoa risasi mfukoni, nikaiweka kiganjani, nikamweleza yote. Nilimwambia ilikuwa wapi kwa zile wiki mbili. Nilimwambia kosa ni langu na si la mkamwana wake, na kwamba yeye alifanya hasa nilivyomfundisha. Bibi aliinuka, akaingia ndani, akatoka na lile sanduku, akaliweka mbele yangu, akafungua. Rozari, mfuko wa sukari, biskuti.

"Stela na mdogo wake wakitoka shule wanatia mkono humu," akasema. "Hawaangalii. Wanapapasa."

Mama Stela alikuwa ameuma pindo la kanga.

"Ulipomfundisha ulikuwa na haraka gani?"

"Sikuwa na haraka, mama. Nilikuwa naringa."

Nilidhani atanifukuza, na ningestahili. Badala yake akauliza kama ziko za aina nyingine. Nikasema ziko, lakini haziruhusiwi kutoka ofisini. "Basi nitakuja mimi," akasema, na akamgeukia mkamwana wake kwa mara ya kwanza. "Wewe umekonda. Ingia ndani ule."

Jumatatu akaja. Kwa miguu, kutoka Mjimwema, kigoda kichwani. Nilimpa kiti cha ofisi akakikataa, akisema viti vya serikali vinaacha miguu inaning'inia kama ya kuku aliyechinjwa. Akaketi kwenye kigoda chake katikati ya chumba cha silaha, akaeneza kanga magotini, akasema tuanze.

Nikazifungua bastola zote tatu mbele yake, moja moja, nikamwonyesha ni tupu. Kisha Mama Stela akazivaa kwa zamu na kumpigia magoti. Sabuni, hata tulipoifunga mara mbili, iliteleza. Kitabu kilibaki kiunoni lakini pembe yake ilimchoma akainuka anasonya. Kitumbo tulikitia kwenye kifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa ukanda ndani ya kanga, na lile tumbo likakwama vizuri, halikutikisika hata alipoinama mpaka paji la uso karibu liguse sakafu.

"Sasa nionyeshe zikiwa zimelala," Bibi akasema. "Akirudi nyumbani, mimi nitajuaje kama imelala au ipo macho?"

Kwa Sabuni na Kitabu nilianza kueleza, chomoa, vuta, chungulia, na nikaona katikati ya maelezo kwamba uso wake umefunga. Kwa Kitumbo sikueleza. Nilisukuma gurudumu likatoka pembeni, mwanga wa dirisha ukapita kwenye matundu matano.

"Macho yangu hayaoni vizuri," akasema. "Lete hapa."

Akanyoosha kidole, kidole cha mwanamke aliyelima maisha yake yote, na kwa ncha yake akagusa tundu moja moja, polepole, midomo ikisogea kama anayesali rozari. Mpaka la tano. Nikamkumbuka Mzee Ndunguru. Huyu bibi hakuwahi kumwona, na hakuna aliyemwambia habari za kidole.

"Hii," akasema. "Hii hata nikipofuka."

Mama Stela akajipapasa tumbo. "Lakini mama, inaonekana. Tazama. Watu watasema nina mimba."

"Waseme."

"Mama, mimi mjane. Watauliza ya nani."

"Waniulize mimi," akasema Bibi Osmunda. "Mwenye mkamwana ni mimi. Nitawajibu."

Kurasa zangu kumi na moja zilikuwa zinasema Kitumbo hakifai kwa kuwa hakifichiki. Mama mmoja kwenye kigoda alikuwa amekificha kwa maneno machache. Sabuni ya Mama Stela ikarudishwa ilikotoka, kwa taratibu zake, na akabadilishiwa kibali kwa bastola ya gurudumu. Bibi alipoinuka kuondoka nilimpelekea kigoda mlangoni, akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Kiache. Nitakuja kukagua."

Akaja kila mwaka, siku ya ukaguzi wa Mama Stela, akakikalia. Nami nikaanza desturi ambayo wengi wenu mliikuta mkadhani ni kichaa changu: kila mwenye bastola ya mfukoni, awe mnunuzi au mkubwa wa ofisi fulani, lazima amsalimie mtu aliyekaa kwenye kigoda, kwa heshima kamili, kabla sijamsainia. Ningemketisha yeyote aliyekuwa karibu, mfagizi, karani, mara moja padri aliyekuja kwa shida nyingine. Ni bastola nyingi mno zilizoanguka kwenye sakafu ile. Mimi mwenyewe, miaka yote hiyo, sikukikalia.

Nyumbani Mjimwema, nilisikia, salamu ilikuwa na utaratibu wake. Mama Stela akirudi safari alipiga magoti, akasema shikamoo, akatoa Kitumbo, akafungua gurudumu, akamimina risasi. Bibi alitia kidole matundu yote matano. Ndipo alipoitikia marahaba, si kabla. Wajukuu walikuwa wakihesabu kwa sauti. Miaka yote hiyo, kwenye barabara ile ya Tunduru, bastola ile haikufyatuliwa hata mara moja, na uvumi wa mimba ulikuja na kupita mara nyingi kiasi kwamba watu walichoka.

Mwaka niliokuwa nakabidhi funguo ili nistaafu, Mama Stela alikuja bila miadi. Alikuwa amepata mvi, ameacha korosho, ana duka lake dogo pale Mjimwema. Kanga yake ilikuwa nyeusi. Akaniambia mama amewatoka mwezi uliopita, kwa amani, amezungukwa na wajukuu, na kwamba hana sababu tena ya kukaa na silaha, kwa hiyo amekuja kuisalimisha.

Nikanyoosha mkono kuipokea, lakini hakunipa. Alikuwa anatazama kigoda, kitupu, chini ya meza. Akakivuta akakiweka katikati ya chumba. Kisha akapiga magoti mbele yake, akatoa Kitumbo kwenye kile kifuko cha kitambaa, kimechakaa sasa, akasukuma gurudumu likatoka pembeni, akaishika bastola kwa mikono miwili, akabaki hivyo, ameinamisha kichwa, kama mtu aliyefika nyumbani akakuta mlango umefungwa.

Nilizunguka meza. Nikakaa kwenye kigoda, magoti yakanifika kifuani.

"Shikamoo," akasema.

Nikatia kidole tundu la kwanza. La pili. La tatu. La nne lilikuwa na vumbi kidogo. La tano.

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia.